Ruzuku ya Mmoja

Mchezo wetu ni judo, na katika nchi inayopagawa na mpira wa miguu, hiyo ni sawa na kusema hatuna mchezo. Siku niliyomwambia dobi ninayempigia pasi kwamba naichezea timu ya taifa, aliniuliza, "Namba ngapi?"

Mwaka huu wizara ilitoa ruzuku ya mchezaji mmoja tu wa judo: posho, daktari na tiketi za mashindano ya nje. Kocha alikuwa amebaki na wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye kambini wote wanamwita Sisimizi kwa jinsi anavyobeba watu waliomzidi. Uzito wetu ni mmoja. Afisa wa michezo akaamua aje ukumbini tupambane mbele yake, mshindi apewe. Atakayeshindwa, basi tena, avue koti la judo akatafute kazi.

Goti langu limeshachoka, na nilijua kabisa kwamba Sisimizi ananiweza. Nililia bafuni, nikanawa uso, nikatoka.

Tulipokamatana ukosi alinibana hasa. Kisha nikaingiza bega, naye akaenda chini kwa wepesi kupita kiasi. Mazoezini sisi huangukiana: mmoja anaulegeza mwili ili mwenzake ajifunze kutupa. Tumeangukiana hivyo tangu tukiwa watoto, kwa hiyo mwili wa mdogo wangu unapokataa na unapokubali naujua mikononi mwangu. Siku ile ulikubali.

"Hongera, dada," alisema akiwa chali, anatabasamu.

Nilitamani kumzaba kibao. Nani alimwomba anionee huruma?

Afisa alipiga makofi, akaniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nikautaja. Akakuna kichwa.

"Aa, hapo pana shida. Kigezo kipya kinataka vijana, wawepo mpaka michezo ya baada ya hii ijayo. Wewe umri umekupita."

"Mbona hukusema kabla?" kocha akafoka.

"Nilidhani waraka mmeupata, mwalimu."

"Basi mpe Sisimizi! Umri anao!"

"Nimpe vipi mtu aliyegaragazwa mbele ya macho yangu?" Akamgeukia mdogo wangu, akamkazia macho. "Au ulijiachia? Sema tu. Ila ujue, kuachia pambano ni kupanga matokeo, na adhabu yake ni kufungiwa maisha."

Sisimizi aliinama, akaanza kukaza upya mkanda wake. Kocha alitazama dari. Naye alikuwa ameona. Wote wakanisubiri mimi.

Ningesema kweli, wangemfungia. Nikidanganya, ruzuku inapotea, lakini angalau mwakani ataruhusiwa kupigana tena, kama mwakani kutakuwa na judo. Nilimchukia yule afisa, nikamchukia na mdogo wangu kwa wema wake, na moyo uliniuma mpaka nikashindwa kumtazama.

"Nimemwangusha kihalali," nikasema. "Hana ubavu wa kunishinda huyu."

"Nilijua tu," akasema afisa. Fungu la judo likarudi wizarani.

Sisimizi alibaki kwenye mkeka, analia kwa kwikwi. Nilitaka kwenda kumkumbatia, lakini afisa alikuwa bado mlangoni anafunga kamba za viatu, anatuangalia, ikabidi nisimame mbali na mdogo wangu, mikono kiunoni, kama mshindi.