Kilo Sita za Mektrida

Mektrida alikuwa na dada mmoja tu, Aikande, aliyeolewa Mwanga, kule Upareni. Miaka tisa hawakuwa wamesemezana, na kosa lilikuwa la Mektrida: alimswaga ng'ombe wa marehemu mama yao mpaka kwake Mwika kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Kwa hiyo parokia ilipotangaza hija ya siku tano kwa miguu, na njia yenyewe inapita Mwanga, alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Mabasi yalikuwepo, tena miaka ile ya tisini yalikuwa yakigombania abiria. Lakini alimjua dada yake. Angekwenda kwa basi, angeonyeshwa kituo cha basi. Akifika kwa miguu kutoka Mwika, walau angepewa maji.

Alijiandaa wiki sita. Kila Jumamosi aliteremka mpaka Himo na kupanda tena, na kwa vile hakujua kutembea mikono mitupu, alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Raba za mtumba alizoletewa na mwanawe zilimchubua visigino siku ya kwanza. Akazitundika ukutani, akarudi kwenye katambuga zake za tairi, na vidole akavipaka samli. Miguu ikawa tayari. Shida ikabaki mzigo.

Primus, katekista aliyeongoza msafara, alikuwa mtu wa sheria. Mwisho kilo sita. Anayezidisha anapanda lori la masufuria, na lori halisimami Mwanga. Siku moja kabla ya safari aliazima mizani ya kahawa ya chama cha msingi cha ushirika, akaitundika kwenye boriti ya ukumbi wa parokia.

"Shikamoo, mama. Tundika."

"Marahaba."

Mshale ukaenda kilo kumi na nne. Watu wakacheka, na Mektrida naye akacheka.

"Punguza, mama, au lori," alisema Primus.

Akaketi chini, akafungua furushi. Akatoa blanketi. Mizani ikasema kumi na mbili. Akatoa unga na maharage ya njiani, ikasema tisa. Akatoa sufuria, kitenge cha kubadilisha, na kichane cha ndizi za mchare. Sita kamili.

Primus akachungulia kilichobaki. Palikuwa na dumu la lita tano la mbege, pombe ya ndizi, inayochemka mpaka kifuniko kinapumua, kibuyu cha kunywea, na jani moja bichi la isale lililofungwa fundo.

Hakuna Mchaga asiyejua isale hupelekwa kwa nani. Hupelekwa kwa uliyemkosea, pamoja na mbege, ukaombe msamaha.

Primus akakohoa. Sheria yake haikusema lolote juu ya mbege.

"Lakini mama, Mwanga ni kesho kutwa. Blanketi umeacha, chakula umeacha. Utalala wapi? Utakula nini?"

"Kesho nitavumilia. Kesho kutwa, kwa Aikande."

"Na akikufukuza?"

Mektrida alikuwa amejiuliza hilo kwa wiki sita, kila alipopanda kutoka Himo, na aliliogopa kuliko kitu kingine chochote. Alifunga furushi lake, akajitwika kichwani, akalisawazisha.

"Akinifukuza nitakaa mlangoni pake," alisema. "Nyinyi mtanikuta pale pale mkirudi."

Primus akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye orodha ya watembea kwa miguu.