Mashudu ya Nyonyo

Nilikuwa nimeshakiacha kijiji cha Itiryo nyuma, natembea kuelekea barabara ya magari, begani mfuko wenye chupa ishirini na nne za mafuta ya nywele ya kufikisha Mugumu mjini. Mafuta yalikuwa ya Scholastica, mjane aliyenipa kibanda cha kulala miezi miwili. Kwangu hiyo ni mingi, mimi sikai mahali. Jua la Februari likiwaka vile, wanawake wa Mugumu hujikuna chini ya misuko mpaka damu, na mafuta yake ndiyo wanayoulizia: ya mbegu za nyonyo, yaliyochemshwa na shubiri na majani ya mwarobaini. Kichwa kinapoa, vipele vinakauka.

Pikipiki ikasimama karibu yangu. Alikuwa Mseti, kijana wa bodaboda.

"Shikamoo mzee. Umetoroka?"

"Marahaba. Nahama, sitoroki."

"Panda basi. Leo jirani yenu Mogesi anacheka peke yake kama kichaa. Kaokota gunia la mashudu kwenye uzio wa Mama Scholastica. Bure! Anasema ng'ombe wa mahari ya mwanawe watafika ukweni Jumamosi wanang'aa."

Nikaushusha mfuko chini.

Gunia lile nililiacha mimi. Scholastica hakaangi mbegu, anazikamua mbichi kwa mashine ya mkono ili mafuta yasiwe meusi. Yale makapi yanayobaki ni mashudu, na kwetu mashudu ni chakula cha ng'ombe: ya pamba, ya alizeti, nani asiyejua. Ila ya nyonyo ni sumu. Yeye huyazika kwenye shimo refu nyuma ya nyumba. Aliniambia, "Mzee, kazi ya mwisho, nizikie lile gunia," nikaitikia. Asubuhi nikapiga jembe mara tatu, ardhi kavu, jembe linaruka. Nikaliegemeza gunia kwenye uzio nikashika njia.

"Geuza," nikamwambia Mseti.

"Si unahama?"

"Mura, kijana wangu, geuza pikipiki!"

Njiani aliniuliza kuna nini, nikamwambia ni sumu, basi. Mengine nikayameza. Hakuna aliyeniona na lile jembe. Ningeweza kusema Scholastica alisahau, na watu wangeamini.

Tulimkuta Mogesi ameshachanganya mashudu na pumba na chumvi kwenye nusu pipa. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wanapanda kutoka mtoni. Wa kumi na mbili, mtamba mwenye baka jeupe usoni, alikuwa ameshaingiza mdomo. Nikalisukuma pipa likapinduka.

Mogesi akainua fimbo. "Wewe mzee! Kitu kimetupwa, nimeokota. Scholastica kakutuma ukimwage?"

"Ni nyonyo hiyo. Inaua."

"Mashudu ni mashudu!"

"Nipige basi, lakini zuia ng'ombe kwanza."

Wale wengine walishanusa chumvi, wanakuja mbio. Mseti akaingiza pikipiki katikati, anapiga honi kama harusi. Nyangi, mke wa Mogesi, akatoka na jembe akaanza kufukia chakula kwa udongo. Mogesi alisimama na fimbo juu, anaangalia ng'ombe, ananiangalia mimi. Mwisho akawageukia ng'ombe.

Walipokwisha kufungiwa zizini, Nyangi akauliza, "Huyu mtamba amekula kiasi gani?"

Mogesi akamtazama mtamba. "Alikuwepo tangu namimina."

Scholastica akafika anahema, kelele zilimfikia. Nyangi akamkabili. "Kwa hiyo tunawapaka watoto sumu vichwani?"

"Sumu inabaki kwenye mashudu. Mafuta nayachemsha na maji mpaka maji yote yaishe. Miaka sita unapaka, Nyangi, umekufa?"

"Sijafa. Na mashudu siku hizi unaweka njiani ili wafe ng'ombe wetu?"

Scholastica akaligeukia pipa lililopinduka. Akanitazama. Nilijua hatanitaja. Angeibeba lawama mwenyewe, na hapo ndipo jina lake lingeishia.

"Aliniambia nizike," nikasema. "Sikuzika. Nilikuwa na haraka ya kuondoka."

Mogesi akashusha fimbo. Akamwambia Mseti, taratibu kabisa, "Kamlete bwana mifugo."

Bwana mifugo alikuja akafanya alichoweza. Mtamba alianza kuharisha kesho yake, akafa siku ya tatu. Nyama haikuliwa, walimzika mzima. Wale kumi na mmoja walisalimika. Scholastica alimtoa ng'ombe wake pekee wa maziwa akajaza idadi ya mahari, ingawa Mogesi hakumdai. Mwana wa Mogesi alioa. Nyangi hakununua tena mafuta, na wanawake wa jirani wakamfuata. Scholastica sasa anauza Mugumu tu, kwa Beatrice mwenye saluni. Mseti ndiye anayepeleka mzigo, amenunua pikipiki ya pili. Mogesi anafuga kama zamani. Mimi niko Nata, nalinda shamba la mtu.