Rafu ya Maziwa

Fomu ya kuomba kazi ilikuwa karatasi moja tu, mbele na nyuma, na mimi nilikwenda kuijaza nikiwa nimefunga bandeji mkono wa kulia. Mkono haukuwa na kitu. Macho ndiyo yaliyoharibika, lakini hakuna anayefunga bandeji machoni kisha akapewa kazi.

Nilikuwa fundi cherehani miaka thelathini. Daktari aliniambia si mambo ya miwani: katikati ya jicho pamekufa, pembeni ndiko kunakoona. Nikimtazama mtu usoni, uso unafutika, yanabaki masikio na mabega. Nikitaka kumwona vizuri, lazima nitazame pembeni yake, kama mtu aliyenuna. Herufi ndogo ndizo nilishaziaga kabisa. Niliacha ushonaji siku mteja aliponirudishia koti la harusi la mwanawe, mkono wa kushoto nimeushona kwenye tundu la kulia. Nyumbani nikasema ni mgongo.

Nyumbani maana yake kwa kaka yangu na wifi. Wifi si mtu mbaya, ila mdomo anao, tena hauna breki. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alikuwa akiimba akiosha vyombo, na mimi nilikuwa na miezi saba pale. Jembe ningelipokea kwa mikono miwili. Nilichokiogopa ni kiti. Shangazi yetu alipopofuka aliwekwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, akawa anasogezwa kufuata kivuli kama gunia la mkaa, asubuhi huku, jioni kule, mpaka alipokufa. Hakuna aliyemtesa. Walikuwa wakimsahau tu mpaka jua limfikie. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisikae kwenye kile kiti, na siwezi kusema sikujua maana ya lolote.

Supamaketi walikuwa wanatafuta watu wa nusu siku, zamu ya asubuhi, siku nne kwa wiki. Kwenye foleni ya waombaji mbele yangu alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nikamwonyesha bandeji, nikamwomba anijazie.

"Umri?" akauliza.

"Arobaini na nane."

Akaniangalia juu chini. "Nimeandika arobaini na nane. Ila mama, hiyo arobaini na nane umekaa nayo sana."

Nikacheka mwenyewe. Tangu hapo nikamwita Kalamu, naye akaniita Mama Fundi, na hayo ndiyo yakawa majina yetu mpaka kwa walinzi.

Meneja alikuwa kijana wa kumzaa. Alipokuwa akinihoji nilitazama ukuta wa kushoto kwake ili nimwone, na nikasikia akimwambia msaidizi wake, "Huyu mama ana adabu. Hanikodolei macho." Adabu! Nikapewa aproni ya kijani. Kalamu naye akapewa yake.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, unatoa mzigo stoo kwa toroli, unapanga. Cha zamani mbele, kipya nyuma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tulikuwa tunalipwa kukitembeza. Lakini kabla ya kupanga unasoma tarehe ya kila kitu, na kilichoisha muda unakitoa. Ukimaliza unasaini karatasi iliyobanwa kwenye ubao mwisho wa rafu: rafu fulani, tarehe fulani, imekaguliwa na fulani. Meneja alilisema hilo siku ya kwanza, tena mara mbili: "Mwenye sahihi ndiye mwenye rafu. Sitauliza mwingine."

Siku ya pili Kalamu akaniangalia nikipanga biskuti.

"Mkono umepona haraka," akasema.

"Namshukuru Mungu."

Akaniwekea pakiti mbele ya pua. "Hapa pameandikwa nini?"

Nikaipokea, nikaipanga pamoja na nyingine.

"Mama Fundi, wewe huoni."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona una mdomo kama wa wifi yangu."

Akacheka mpaka akashika rafu. Kisha hakucheka tena. Akaniuliza nani anajua, nikamwambia hakuna. Nikamwambia habari ya kiti. Sijui kwa nini nilimwambia. Kaka yangu wa tumbo moja sijamwambia. Yeye akafikiri kidogo, akasema mgongo wake ulikuwa mbovu tangu alipojifungua pacha, katoni za mafuta ya kupikia zinamuua. Basi mimi nitabeba, yeye atasoma. Na kwa kuwa mimi hata kile kisanduku cha kusaini sikukiona, yeye ndiye aliyesaini kote, rafu zake na zangu. Meneja hakujali nani anasaini nini, bora karatasi imejaa.

Miezi minne tukaenda hivyo. Sitasahau zile asubuhi, taa za stoo zinaunguruma, mlinzi anapiga miayo mlangoni, Kalamu anasoma tarehe kwa sauti ya chini kama anayehesabu tasbihi, mimi napokea na kupanga. Wifi akaacha kuimba habari ya jembe. Nilinunua sabuni na sukari kwa jasho langu, nikaziweka mezani kwa kishindo ili asikie.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Vidole vya fundi havilali. Nikagundua kwamba makopo ya maziwa ya watoto wachanga yana tarehe iliyogongwa chini ya kopo, imetokeza kidogo, na kidole gumba kinaweza kuisoma. Nilijifunza kimyakimya. Nyumbani nilikuwa na kopo tupu la kuwekea vifungo, usiku nalipapasa: moja, saba, nne. Nilifurahi kama mtoto aliyejua kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimechoka kusomewa. Mtu anayesomewa kila kitu hufika mahali akamchukia hata anayemsomea, na Kalamu, masikini, hakunikosea lolote.

Asubuhi moja akachelewa, mmoja wa pacha alikuwa na homa. Alipofika mlango ulikuwa karibu kufunguliwa.

"Rafu ya maziwa bado?" akauliza, anahema.

"Nimeshaisoma."

"Nani kakusomea?"

"Hivi," nikamwonyesha kidole gumba. Nikachukua kopo moja, nikalipapasa, nikamtajia mwezi na mwaka. Akageuza, akatazama. Nilikuwa sawa. Nikachukua la pili, nikawa sawa tena.

"Makubwa!" akasema, na nikasikia kabisa kwamba amefurahi kwa ajili yangu. "Mama Fundi, wewe mchawi."

"Weka sahihi twende kwenye unga."

Akaichomoa kalamu kwenye nywele, akasaini.

Tatu na nane kwa kidole ni ndugu. Makopo manne yalikuwa ya mwezi wa tatu, mimi nikayasoma mwezi wa nane, na kwa kuwa hata kwa mwezi wa nane ndiyo yaliyotangulia kuisha, nikayaweka mbele kabisa, mkono wa mnunuzi unapofika kwanza.

Baada ya siku sita akaja baba mmoja kijana na kopo ndani ya mfuko. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimwambia meneja kwamba binti yake wa miezi miwili ametapika na kuharisha siku mbili, yuko wodini, ana mrija kichwani, na daktari ameuliza anakunywa nini. Akaliweka kopo kaunta. Nikaona alivyolipindua meneja asome tarehe, kwa sababu nilikuwa upande.

Meneja akaenda kwenye rafu, akakuta mengine matatu. Akabandua karatasi ubaoni, akatuita wote wa zamu ya asubuhi ofisini.

"Tarehe kumi na tisa. Sahihi ya nani hii?"

"Yangu," Kalamu akasema.

"Ulikagua?"

Nilijua amegeuka kunitazama. Niliona kwa pembeni jinsi mabega yake yalivyozunguka. Alikuwa hasemi kwa sababu neno lile halikuwa lake. Lilikuwa langu. Angelisema yeye, angekuwa anamshitaki kipofu ajiokoe, na Kalamu si mtu wa hivyo. Alikuwa ananingoja.

Na mimi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Nikageuza kichwa, nikamtazama usoni moja kwa moja. Katikati ya jicho langu hamna kitu, na pale ndipo nilipomweka. Uso wake ukafutika. Nikaona masikio, nikaona nywele na ile kalamu, basi. Meneja aliuliza tena, na mimi nikakaa kimya kama maji ya mtungini.

"Sahihi ni yangu," Kalamu akasema mara ya pili. "Kosa ni langu."

Akavua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya meza. Haikufika hata robo saa tangu yule baba aingie. Wanasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kilio kilikuja kweli, ila kilipita mlangoni kwangu kikaingia kwa mwenzangu.

Wiki iliyofuata meneja akaniita. Nilidhani nimepatikana. Kumbe ananipa saa za Kalamu: asubuhi na alasiri, siku sita. Wifi alimpigia kaka simu kazini kumpa habari. Siku ile nilitengewa chakula mezani kama mtu, wifi akanikaribisha kwa jina la heshima, na sikuweza kumeza. Nikasema ni jino.

Tangu hapo nikawa naiba macho ya watu, na karatasi ya ubaoni nikaisaini kwa kukisia. "Mwanangu, nisomee hapa, nimesahau miwani." Mmoja anasoma, mwingine ana haraka, mwingine anasema tarehe ni ndogo mno hata yeye hazioni. Rafu ya maziwa niliiogopa kama kaburi. Kopo nililolitilia shaka nalitoa, lakini ukitoa yote meneja atauliza, basi mengine nayarudisha. Nikayarudisha, nasema kweli. Kila asubuhi nilisimama pale na kopo mkononi, kidole gumba chini yake, na kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa woga.

Siku moja, alasiri, mwanamke akaja akachuchumaa mbele ya rafu ile. Sikumtazama. Nilimjua kwa namna alivyoanza: kopo la mbele kushoto, geuza, soma, rudisha, la pili, geuza. Alikuwa akisoma kwa ile sauti ya chini.

"Kalamu," nikasema.

Alimaliza rafu ya chini, akapanda ya katikati. Alipomaliza akasimama, akaniwekea makopo matatu mikononi, moja moja.

"Haya matatu yameisha. Toa. Na lile la nyuma kabisa kulia linaisha wiki ijayo."

"Mwanangu, nisikilize..."

"Mimi si mwanao."

Nilitazama pembeni yake, nikamwona. Alikuwa amekonda. Kalamu haikuwepo kwenye nywele.

"Yule mtoto alitoka hospitali," akasema. "Nilikwenda wodini kila siku. Nilimpigia magoti baba yake, akaninyanyua. Wewe ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Hata kuuliza kama yuko hai?"

Sikuuliza. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikiuliza, nitajulikana. Ukweli ni kwamba sikutaka jibu. Machozi yalinitoka, na sikuwa na mkono wa kuyafutia, mikono ilikuwa na makopo.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi nikusamehe ili iweje? Kesho utasomewa na nani?" Akaokota kikapu chake. Ndani mlikuwa na pakiti moja ya chumvi. "Nitapita kila Jumanne na kila Ijumaa. Sikufanyii wewe. Usinisalimie."

Akaenda kupanga foleni kama mnunuzi mwingine yeyote. Nikabaki nimesimama. Foleni ilikuwa ndefu, ina watu watano mbele yake, na ofisi ya meneja iko hatua kumi kutoka pale. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilianza kwenda, nasema kweli, miguu yangu ilianza kwenda, na nilikuwa nimeshapanga maneno: bosi, mimi sioni, sikuwa naona tangu siku ya kwanza, yule hana kosa. Nikafika karibu na kaunta, nimesimama nyuma ya Kalamu kabisa, meneja akatokea mwenyewe.

"Mama Fundi! Nini hicho?"

Nikamwonyesha makopo. Akayageuza moja moja, akapiga mluzi.

"Umeyakuta leo? Umeyatoa wewe mwenyewe?"

Mgongo wa Kalamu ulikuwa mbele yangu. Ulikuwa haujageuka, lakini ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayesikiliza.

"Mimi," nikasema.

"Unaona sasa," meneja akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Hii ndiyo kazi. Angekuwepo mtu kama wewe siku ile, yule mtoto asingeumwa."

Keshia akapokea pakiti ya chumvi, mashine ikalia mlio wake mdogo.

"Ahsante, bosi," nikasema.