Jiwe la Jumanne

Kila siku saa saba mchana, mlinzi wa kiwanda cha maboksi alimaliza kula, akafuta mikono kwenye suruali, akachukua manati. Alipewa na uongozi ili afukuze kunguru. Kunguru walihama mwezi wa kwanza, wana akili kuliko uongozi, naye akabaki na muda mwingi. Akajifunza mapigo magumu. Alizima moto wa mshumaa bila kuuangusha mshumaa. Alipiga kizibo cha chupa akiwa amekipa mgongo. Shabaha yake ya kila siku ilikuwa bati la chuma alilolitundika getini, lile lililokuwa likifunika kisu cha mashine ya kukatia maboksi, mpaka msimamizi alipoamuru litolewe kwa kuwa lilichelewesha kazi.

Jumatatu moja jiwe lake lilipinda kona, likaingia Jumamosi, likavunja kikombe nyumbani kwake. Mkewe alikuwa ameshamlaumu paka siku mbili nzima. Paka hakuombwa radhi.

Kesho yake, Jumanne saa kumi jioni, kisu kilimkata mkewe vidole viwili, maana ndiye aliyeendesha mashine ile.

"Ajali haina kinga," msimamizi alisema, akampelekea kadi ya pole yenye maua.

Mlinzi alilia kibandani mwake, kisha akabadilisha mpira wa manati. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na shabaha.

Wiki nzima alilenga Jumanne. Jiwe la kwanza liliangukia Jumatano, likamtobolea karani mwavuli. La tisa lilifika Jumanne yenyewe, ila saa nne asubuhi. La kumi na nne lilipita dirishani saa kumi kasoro dakika moja, likagonga kitufe chekundu cha kuzimia mashine.

Alikimbia nyumbani kuhesabu vidole vya mkewe. Mkono wa kulia ulikuwa na vitatu.

"Ilizima kweli," mkewe alisema, akimenya viazi kwa shida. "Nikautoa mkono. Msimamizi akaja, akaokota jiwe, akaiwasha. Akasema oda inangojewa, niendelee."

"Nitapiga tena."

"Piga, baba watoto. Ataiwasha tena."

Alipiga mara sita zaidi, akapata mara zote sita. Asubuhi msimamizi alimrudishia mawe saba ndani ya bahasha, kwani mali ya mtu haipotezwi. Uongozi ulimsifu, ukamwongezea kazi: mfanyakazi yeyote akichelewa, agonge dirisha la nyumba yake kwa jiwe, saa moja kabla hajachelewa. Tangu hapo hachelewi mtu.

Mkewe alirudi kwenye mashine ileile. Siku hiyo mlinzi alilitundua bati, akalibeba mpaka ofisini.

"Bosi, hili si lirudishwe tu kwenye kisu?"

Msimamizi aliligeuzageuza, akapapasa mabonyeo ya mawe, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Halafu mazoezi utafanyia wapi, mzee?"