Tandiko la Kamati na Mgongo wa Kashata

Hapa Bungu punda tulimjua kwa kazi tatu: kubeba maji, kubeba mpunga, na kukataa. Mwaka juzi Bwana Mifugo, Shedrack, akaongeza ya nne. Alirudi kutoka semina na simu iliyojaa video za farasi wa Ulaya wanaoshindana kutembea kwa madaha, kama bibi harusi anayechelea kukanyaga gauni. Wanakwenda mbele, wanarudi nyuma, wanaenda upande, na mpandaji juu yao kakaa wima kama mlingoti. Akaona sisi farasi hatuna, mbung'o walishawamaliza, lakini punda tunao. Ikatangazwa kuwa siku ya maonyesho punda watashindana adabu, na wa kwanza atapewa mkokoteni wa matairi.

Watu walicheka. Mpwa wangu Mwantumu hakucheka. Ana punda mmoja tu, Kashata, na Kashata ana kidonda mgongoni, upana wa kisahani, kilichochimbwa na magunia ya mpunga kutoka bondeni. Kila kikikaribia kufunga, mavuno yanafika. Mkokoteni ungeutoa mzigo mgongoni ukauweka kwenye magurudumu. Bila huo mkokoteni, msimu ule ama punda afe, ama mpunga uozee bondeni.

Mimi nimeshona magodoro ya sufi miaka arobaini, na hakuna aliyenifundisha. Niliwahi kushona moja laini hata mwenyewe alilala mwanzo wa Ramadhani, akaamka Idi imeshapita, akadai amefunga yote. Kwa hiyo nikaitwa kwenye kamati ya kuchagua tandiko rasmi, maana Bwana Mifugo alisema pasipo tandiko moja kwa wote hakuna haki.

Kamati ilikaa siku mbili. Matandiko yalikuwa matatu. La kwanza jeusi, la ngozi, limetoka Dar es Salaam. Kikalio chake kimezama, na mbavuni lina mbawa ndefu za kushuka na mguu. Ndilo wanalovaa wale farasi wa madaha. La pili la Popat mwenye duka, urithi wa babu yake, ila panya walishazalia ndani yake. La tatu nililishona mwenyewe: ukindu nje, sufi ndani, mito miwili kushoto na kulia, na katikati nimeacha mfereji ili uti wa mgongo usiguswe.

Yakapangwa juu ya meza ya mikutano, wajumbe wakapanda kwa zamu. Mwalimu Ebenezer, katibu wetu, akatembeza futi ya cherehani akapima viuno vya wajumbe wote. Cha mgeni rasmi akakikadiria kwa picha. Lile la ngozi lilimkalisha mwenyekiti vizuri hata akapitiwa na usingizi. Katibu akaandika kuwa limefaulu majaribio.

Nikauliza kama kuna punda aliyepimwa. Nikawaeleza kuwa farasi ana kinundu mabegani cha kulizuia tandiko, lakini mgongo wa punda umenyooka kama benchi la zahanati. La farasi litateleza. Nikawaeleza na habari ya jasho: ukivua tandiko ukakuta doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, ujue hapo ndipo lilipokuwa linamuumiza.

"Mzee Haidari," Bwana Mifugo akaniambia kwa upole kabisa, "mgongo wa punda haumo kwenye ajenda."

Siku ikafika. Alianza Damas wa bodaboda, na kofia yake ya pikipiki. Punda aliinamisha kichwa kidogo tu aonje jani, tandiko likahama, likavuka mabega, likateremka shingoni na Damas juu yake, mpaka akafika masikioni. Anaapa hadi leo kuwa kwa muda ule alisikia kwa masikio ya punda, na kwamba wanatusema vibaya. Wa pili tandiko lilimzungukia tumboni. Mpandaji alimaliza mzunguko kichwa chini, akiwapungia mkono majaji. Kicheko kilivuka mto, na kule ng'ambo, Mohoro, watu waliacha kula.

Ikaitwa zamu ya Kashata. Mwantumu aliomba atumie la kwangu, kwa kuwa mfereji wake ungekiruka kidonda. Bwana Mifugo akakataa: tandiko rasmi, ama akakae na watazamaji. Mwantumu akalipindua lile jeusi, akapitisha kiganja kwenye mito yake, kisha akakiweka kiganja hichohicho mgongoni kwa Kashata. Punda akatetemeka ngozi. Kwa mbali mkokoteni ulikuwa unang'aa, umefungwa riboni.

"Mjomba, sheria inasemaje hasa?"

"Kila mshindani aingie uwanjani na tandiko rasmi."

"Basi naingia nalo."

Akasokota ncha ya kanga, akafanya ngata, akajitwika tandiko kichwani. Akatangulia bila kamba. Kashata amemfuata hivyo maisha yake yote, kutoka kisimani, kutoka bondeni: bibi mbele na mzigo wake, yeye nyuma na wake. Mwantumu akasimama, punda akasimama. Akarudi nyuma hatua nne, punda akarudi nne. Akaenda upande kama anayekwepa dimbwi, na Kashata akalikwepa dimbwi lisilokuwapo. Hakukuwa na mwanamke pale asiyeujua mwendo ule.

Bwana Mifugo akapuliza filimbi amtoe. Mwalimu Ebenezer akasema fomu lazima ijazwe. Na ile fomu, iliyotungwa na kamati iliyokaa juu ya meza siku mbili, ilikuwa na alama hamsini, zote za tandiko. Limeteleza? Halikuteleza. Limenyooka? Limenyooka. Ngozi imekwaruzika? Haikukwaruzika. Mpandaji ameanguka? Hapo Mwalimu akatafakari, akaandika hapana. Punda hakuwekewa hata mstari.

"Lakini hakupanda," Bwana Mifugo akasema.

"Ungetaka apande, bwana, ungeliandika. Mimi najaza yaliyopo."

Mgeni rasmi alikuwa amesikia harufu ya pilau, akamkabidhi Mwantumu mkokoteni haraka. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema tandiko jeusi limefaulu kwa asilimia mia, na ikaomba mengine kumi.

Kesho yake nikamshonea Kashata mkanda mpana wa kifuani wa kuvutia mkokoteni, umejaa sufi, wala haukaribii kidonda. Tukashuka bondeni. Magunia yalipoanza kupakiwa, akakaza miguu, akakunja mgongo kuyangoja kama kawaida yake. La kwanza, halikuja. La pili, halikuja. Akageuza shingo akayatazama yamekaa kule nyuma, akatazama tena, kisha akaanza kutembea kabla hajaambiwa, ikabidi Mwantumu akimbie apate kumtangulia.