Waya wa Friza

"Violeth, usigonge! Toa mkono ukutani!"

Nyundo ikabaki hewani. Violeth, mpangaji wa chumba hicho, mtoto mgongoni, alikuwa anataka kupigilia msumari wa chandarua. Beno, fundi umeme, alikuwa amekuja kubadilisha balbu ya korido tu.

"Fundi, utaniua kwa presha! Kwani ukuta wako huu?"

Wa kwake kabisa. Mwaka jana, friza ya juisi ya Bi Moza mwenye nyumba ilipohamishwa kutoka chumba hiki, Beno ndiye aliyeng'oa soketi. Akauviringishia waya solotepu, akausukuma ndani, akapiga plasta. Akasema ameutoa.

Bi Moza akatokea, kanga begani. "Kelele za nini? Panya?"

Panya. Jibu hilo hapo, amepewa bure. Beno akalionja mdomoni, akalimeza.

"Ule waya wa friza, Bi Moza. Una umeme."

"Si ulikata?"

"Nilikata huku. Kule kwenye meni swichi sikuufungua."

"Kwa nini?"

"Ilibidi nizime nyumba nzima. Wapangaji walikuwa wanaangalia mechi ya watani wa jadi kwenye TV, wakasema nikizima watanitupa dirishani."

Violeth akacheka. Halafu akamshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia, kicheko kikaisha.

Beno akazima nyumba nzima. Akachokonoa plasta. Solotepu ilikuwa imeyeyuka kama bigijii juani, shaba iko wazi. Akawasha mara moja, akagusisha testa: taa yake ndogo ikawaka. Akazima tena. Safari hii akaufungua waya kule unakoanzia, akafunga ncha zote kwa konekta, akaandika kwa kalamu ya Violeth: HAUTUMIKI. Akapima mara tatu. Akarudisha testa mfukoni.

Akasubiri matusi. Miaka sita Bi Moza alikuwa akimnadi Msimbazi nzima: mkitaka fundi, mchukueni Beno wangu.

"Beno mwanangu," alisema taratibu, "nimekupeleka kwa watu wangapi?"

"Kumi na... sikumbuki."

"Wangapi umewafanyia hivi?"

Beno akaangalia sakafu. "Mzee Sadalla. Na Bi Swaumu, jikoni."

Bi Moza akatoa simu. Mzee Sadalla akapokea, akaambiwa asiguse ukuta, akaanza kuuliza kulikoni, akakatiwa. Kisha Bi Swaumu. Simu ikaita, ikaita, mpaka ikakata.

"Asubuhi aliniambia leo anatundika kabati la ukutani jikoni," alisema Bi Moza bila kumwangalia mtu, akapiga tena.