Kibuyu cha Mwinjilisti

Mnazi hauna siri. Aliyeunywa utamjua kwa miguu kabla hujamjua kwa sura. Kwa hiyo Baya alipoingia uani kwake jioni ya Jumatano, akiimba wimbo wa harusi ambayo wenyewe walishaachana zamani, mkewe Nyevu hakumuuliza alikotoka. Alimwonyesha jamvi tu, naye Baya akaliangukia akilia.

Hii ilikuwa Kisauni, mwaka wa themanini na sita, minazi ikiwa bado mingi kuliko nyumba. Baya alikuwa mgema tangu ujana wake, na mwenye kugema hakosi kuonja, na mwenye kuonja kila siku huyo si muonjaji tena. Kisha tumbo likamvimba, akaogopa, akaichomeka kotama yake, kisu cha kugemea, kwenye makuti ya paa, akaacha kupanda na kunywa pamoja. Tangu upepo wa kusi uanze kuvuma hakuutia mnazi mdomoni. Akaingia darasa la ubatizo katika kanisa la mabati, njia ya kwendea Mkomani, na Jumapili hiyo mchungaji alikuwa aje kutoka mjini kuwabatiza. Nyevu, ambaye alibatizwa akiwa msichana, alikuwa amemwombea mume huyu mpaka magoti yakaota sugu. Shati jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi.

Asubuhi Baya hakutaka chai. Alipanda juu ya kigoda akaichomoa kotama.

"Wenda wapi, Baba Kache?"

"Kwa Masha muuza mnazi. Minazi yake yataka mgema wa pili."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni ya watu wa Mungu. Mimi Mungu kanijaribu, kaniona takataka."

Akaeleza, macho yakiwa chini. Mwinjilisti Ngowa alimwambia abaki peke yake katika jiko la nyuma ya kanisa, wenzake wa darasa wakienda kumtazama mgonjwa. Juu ya meza palikuwa na kibuyu cha mnazi, mbichi, povu latoka, na mrija umeshachomekwa.

"Nikakiangalia. Nikatoka nje. Nikarudi. Mwinjilisti alinikuta nimekipakata kama mtoto wa kwanza. Akaniambia, Baya, Mungu amekujaribu na umeanguka. Usije Jumapili."

"Na huo mnazi aliuweka nani?"

"Mungu."

"Mungu anagemewa na nani? Wewe umegema ujana wako wote. Ulipata kumwona malaika akija na kibuyu kujaziwa?"

"Usinichekeshe, Mama Kache. Nina msiba."

"Basi nipe hiyo kotama. Mwenye msiba hapandi mnazi."

Baya akampa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nyevu akaifunga kwenye pindo la leso, akatoka.

Hakufika mbali. Jirani yake Mastura, muuza mahamri, alikuwa barazani kwake anaepua, na Mastura hapitwi na kitu isipokuwa usingizi.

"Shoga, yule mwinjilisti wenu jana kapita hapa na koti, jua lile. Nikasema, huyu wallahi ama ana homa ama ana siri. Kumbe kwapani ana kibuyu. Katoka nacho kwa Masha."

"Wewe ukanyamaza?"

"Nilidhani ndiyo yale mambo yenu ya ushirika."

Nyevu akachukua hamri moja bila kulipa, adhabu ya maneno hayo, akaenda zake.

Ngowa alikuwa mtu mwembamba, mwenye mwendo wa kunyata. Kabla ya kuhubiri alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha rangi huko Changamwe. Kazi yake ilikuwa kuacha kopo la rangi karibu na lango, kisha kujificha nyuma ya lori aone ni nani atakayelitia ndani ya shati. Wengi walipoteza kazi kwa makopo yale, na habari ilifika hadi Kisauni. Wito ulipomjia aliiacha rangi, lakini nyuma ya lori hakutoka.

Nyevu alimkuta kanisani akipanga viti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kile kibuyu ni chako?"

Ngowa hakukana. Alitabasamu, kama mtu aliyeulizwa habari za kazi yake nzuri. "Nilimpima, mama. Dhahabu haijulikani mpaka ipite motoni. Mungu mwenyewe alimjaribu Ibrahimu."

"Ibrahimu aliitwa kwa jina lake akaambiwa wazi. Sikusoma popote kwamba Mungu alijificha nyuma ya lori."

"Mimi ni mkono wake tu."

"Kila Jumapili tunapiga magoti tukiomba tusitiwe majaribuni. Kumbe tulikuwa tukikuomba wewe."

Tabasamu la Ngowa likapungua. "Mama, usishindane na Mungu."

"Sishindani na Mungu, nashindana na wewe. Mmechanganyika lini?" Nyevu akavuta kiti kimoja katika vile alivyokwisha kuvipanga, akakaa. "Mimi niliishia darasa la nne. Lakini Yakobo wa nyaraka nimemsoma kwa macho haya. Anasema Mungu havutwi na ubaya, wala hamvuti mtu kwenda huko. Kwa hiyo kibuyu kile kilikuwa na mwenyewe, na si Mungu. Tena mimi nimelea. Mtoto akianza kutembea unamwita, unamnyooshea mikono. Aweza kuanguka, na aanguke. Lakini humtandikii maganda ya ndizi ukakaa pembeni kungojea kishindo. Huyo Mungu wako anakaa pembeni na maganda?"

"Jina la Baya nimeshalifuta."

"Basi lirudishe, maana tutakuja."

Mastura alipopata habari alicheka mpaka buibui likamvuka. Kisha akawa na shauri. Ngowa alikuwa amefunga mpaka Jumapili, na Kisauni nzima yajua anavyopenda kuku wa kupaka. "Mpikie. Mwekee palepale mezani, peke yake. Nasi tukae dirishani."

Nyevu alilipenda shauri lile kupita kiasi. Alichinja jogoo wake, akakuna nazi mbili, akakamua tui zito, akamchoma jogoo na kumpaka na kumgeuza. Harufu ikaenda hadi barabarani. Kila alipopaka alimwona Ngowa akilini, mate yakimtoka, na kila alipomwona alizidisha ndimu. Alikwisha kumtia kwenye sahani, amemfunika kwa kawa, mkono uko tayari kubeba, ndipo alipojisikia anachekacheka peke yake. Kicheko kile hakukipenda. Kilifanana na tabasamu la mtu aliyekuwa akipanga viti.

"Twende," alisema Mastura.

"Hatuendi. Nikimpelekea huyu kuku, Ngowa atakuwa amepata mwanafunzi."

"Na kuku?"

"Kuku hana kosa. Kaa tule."

Wakamwita Baya. Alikula, na walipofika kwenye mifupa Nyevu akamweleza kibuyu kilivyotoka kwa Masha kikapita chini ya koti. Baya akasimama. Alitaka kotama yake, na safari hii si kwa minazi.

"Keti," alisema Nyevu. "Kibuyu ni cha Ngowa. Kiu ni yako. Ungekuwa huna kiu, kingekaa pale mpaka kiwe siki. Usimpe Ngowa kiu yako, wala usimpe Mungu kibuyu cha Ngowa. Kila mmoja abebe chake."

Baya akakaa. "Na Mungu alikuwa wapi mimi nikinywa?"

"Kando yako, anakwambia usinywe."

"Sikumsikia."

"Ungesikiaje, na wewe wafyonza mrija?"

Mastura akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Baya hakucheka, ila alichukua kipande cha mwisho cha kuku, na Nyevu akaona kwamba mtu huyu hajafa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Waliokuwa tayari kubatizwa walisimama mstari mmoja mbele, na Baya mwisho wao, shati jeupe, shingo imekakamaa. Ngowa akamwendea kwa mwendo wake wa kunyata, akamshika kiwiko. Baya hakusogea. Alikuwa amepanda minazi maisha yake yote. Kumng'oa mtu wa miguu ile si kazi ya msimamizi wa rangi. Mchungaji, mzee mnene aliyechoka kwa kungojea matatu, akauliza kuna nini.

"Huyu hastahili, baba," alisema Ngowa.

"Nimuulize kwanza," alisema mchungaji, akaanza na swali lile wanaloulizwa wote. "Baya, wamkataa Shetani na kazi zake zote?"

"Namkataa," alisema Baya. Wengine waliishia hapo. Yeye akavuta pumzi. "Jumatano nilikunywa, baba. Kiu ilikuwa yangu, sikutiwa na Mungu. Namkataa Shetani na kazi zake zote, na hata yule aliyemsaidia kubeba kibuyu."

Mchungaji akawatazama watu, na watu wakamtazama Ngowa, kwa kuwa muuza mahamri huwa na wateja wa dini zote.

"Kibuyu cha nani?" aliuliza mchungaji.

Ngowa alitafuta lori la kujificha, hapakuwa na hata mwimo wa mlango. "Changu, baba. Nilikuwa nampima."

Mchungaji akalifunga koti lake vizuri kifungo kimoja, kama mtu anayejizuia kusema jambo. Kisha akamwelekeza Ngowa kwa kidole mahali pa kusimama: mwisho wa mstari, nyuma ya Baya.

"Nawe nijibu. Wamkataa Shetani na kazi zake zote?"

Midomo ya Ngowa ikatikisika.

"Hatujasikia huku nyuma," alisema Nyevu.

"Namkataa," alisema Ngowa, kwa sauti ya mtu mzima sasa.

Mchungaji akateka maji. Baya akainama, na yalipompata kichwani alishtuka, maana yalikuwa baridi, akayapuliza puani kama ng'ombe. Watu wakacheka, na Nyevu akacheka kuliko wote, uso umelowa kana kwamba aliyemwagiwa ni yeye.